Maneno Yangu Kinywani mwa Kaka Rajabu

Mkono wa kulia umerudi kiasi cha kushika kalamu, basi naandika kabla haujabadili nia. Naandika kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, kwa sababu ndizo ninazozijua. Binti yangu Zena, ambaye sasa anasoma shule, atazigeuza kwa herufi za Kizungu ili wasome wengi. Kama nawe miguu imeanza kukukataa, au jicho limefunga ukungu na watu wanakwambia huumwi, haya nimekuandikia wewe. Dawa ya kukupa sina. Ninayo habari ya yaliyonipata, na onyo moja ambalo ningependa kupewa mapema, nikakosa wa kunipa.

Jina langu Tatu binti Juma. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtu wa Tabora. Mama yangu Msukuma wa hapa hapa Shinyanga. Wote wawili walifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni kaka yangu Rajabu. Yeye ndiye aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani, yeye ndiye aliyeninunulia kanga yangu ya kwanza, yeye ndiye aliyeniozesha kwa Masudi, mchuuzi wa nguo. Kaka alisoma shule ya serikali, akajua Kiingereza, akawa dresa, yaani msaidizi wa daktari, na mkalimani hospitalini mjini kwetu. Watu walikuwa wakimsimamisha njiani kumwonyesha vidonda vyao. Niliposikia mtu akisema, "Yule ni dada yake dresa," nilitembea nimenyoosha shingo.

Ugonjwa uliniingia kwa jicho. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Masudi hakuwapo. Tangu habari za dhahabu zilipoenea, alikuwa akipakia marobota ya kaniki na vikoi kwenye lori, anakwenda kuwauzia wachimbaji huko Geita, na hukaa mwezi, miezi miwili, hajarudi. Nilikuwa jikoni nikichoma vitumbua. Jicho la kulia likauma nilipoligeuza, kisha nikaona kama mtu amepaka majivu kwenye kioo. Nikadhani ni moshi. Nikatoka, nikanawa maji ya mtungini, nikakaa kivulini, ukungu ukapungua. Niliporudi penye moto, nao ukarudi. Ikawa hivyo siku nyingi, halafu ukaniacha wenyewe, nami nikasahau.

Masika yalipoingia ikawa zamu ya miguu. Ganzi ilianzia vidoleni ikapanda mpaka magotini. Siku moja nilikanyaga kaa la moto, nisijue mpaka niliposikia harufu. Kisha kiuno kikanibana pande zote, kama vile nimefungwa mkaja wa uzazi na mkunga asiye na huruma, nami sikuwa nimezaa tangu Zena. Na kila nilipoinama kwenye rukuu, kitu kama mdudu wa moto kilinishuka uti wa mgongo mpaka miguuni. Nikaanza kusali nimeketi. Mama mkwe, ambaye tulikaa naye nyumba moja, aliniuliza, "Wewe bado kijana, unasali kama ajuza?"

Nikamwambia kaka. Hakusita. "Kesho asubuhi njoo hospitali," akasema. "Daktari huyu mpya ni hodari."

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Upande mmoja walikaa watu walioletwa kutoka vijijini kupimwa malale, kila mmoja akipapasa shingo yake mwenyewe kutafuta tezi. Upande wangu palikuwa na mama mwenye mtoto wa macho mekundu. Tulisubiri mpaka kivuli cha paa kikatukimbia miguuni. Jua lilivyopanda nami nikazidi kulegea, hata kaka alipoita jina langu ilibidi yule mama aninyanyue kwa mkono wake mmoja, mtoto akiwa kwenye ule mwingine. Sikupata kujua jina lake. Mungu anamjua.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, shingo imeungua jua. Kaka alisimama kati yetu katika nguo zake za kazi. Nikaeleza yote: jicho, ukungu unaokuja nikiwa motoni na kuondoka nikijimwagia maji, ganzi, mkaja, mdudu wa mgongoni. Nilisema maneno mengi, kaka akasema machache. Nikadhani Kiingereza ni lugha fupi.

Daktari akauliza jambo. Kaka akanitupia jicho, akaliondoa upesi, halafu akazungumza kwa muda mrefu. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akaandika. Hakunigusa mguu, wala hakulitazama jicho.

"Amesema nini, kaka?"

"Amesema ni uchovu. Usiwaze sana. Utakunywa dawa."

Dawa ilikuwa maji ya chumvichumvi ndani ya chupa ya kijani. Ilinilaza mchana kutwa. Masika yale nayahesabu kwa chupa: chupa iliyokwisha wakati wa kupalilia karanga, chupa iliyokwisha siku Zena alipong'oka jino, chupa niliyoiangusha kwa sababu vidole vya mkono havikujua kama vimeishika. Nilipofikia hiyo ya mwisho nilikuwa natembea kwa kushika kuta.

Nikarudishwa hospitali. Safari hii daktari alinisimamisha katikati ya chumba, akatoa amri. Kaka akatoka, akarudi na ndoo. Nilidhani ni maji ya kuoshea sakafu. Daktari akaichukua mikononi mwake akanimwagia yote, kuanzia kichwani, kisha akapaza sauti: nitembee! Nikatembea. Wallahi nilitembea. Nilipiga hatua kutoka mezani mpaka mlangoni bila kushika kitu, maana yale maji yalikuwa baridi, na mwili wangu ukipoa hupata nguvu kidogo, jambo nililokuwa nimelisema siku ya kwanza kwa kinywa changu. Daktari akapiga makofi, akamwambia kaka neno moja, kaka akainamisha kichwa. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikapita sokoni katikati ya watu, na kabla nguo hazijakauka miguu ilikuwa imekufa tena.

Tangu siku hiyo sikuwa mgonjwa tena machoni pa mtu. Sijui nani aliitoa habari ile ya ndoo, ila iliwahi kufika nyumbani kuliko mimi. Mama mkwe akaifanya wimbo. Nikishindwa kuinuka aliita, "Mleteeni maji!" Majirani walicheka, nami mwanzoni nilicheka pamoja nao, kwa sababu mtu akichekwa peke yake huumia zaidi.

Kulikuwa na maulidi nyumbani kwa jirani. Niliketi na wanawake wenzangu kwenye mkeka, na mkojo ukanitoka bila kunipa habari. Ilikuwa hivi: nilikuwa nimekaa, halafu nikaona mwenzangu anavuta kanga yake pembeni. Sikuhisi chochote. Nasema jambo hili kwa sababu kama limekupata najua unalificha, na najua ulivyolia. Ni ugonjwa. Si uchafu wako. Yuko mwanamke mmoja aliyemimina birika lake la chai pale nilipokaa, makusudi, kisha akasema kwa sauti, "Jamani, nimemlowesha Mama Zena!" Huyo naye nimemwekea dua.

Masudi alirudi mwanzo wa kiangazi. Mama yake alimwambia yote kabla hajavua viatu. Aliniangalia nikijivuta kutoka jikoni, na usoni mwake nikaona kitu nilichodhani ni huruma. Baadaye nilijua kilikuwa kitu kingine.

"Mama Zena," akasema, "mtoto huyu anapata taabu. Nitakwenda naye Geita. Yuko mtu wa kumtunza."

"Mtu gani?"

"Kuna shangazi yangu kule."

"Sijapata kusikia kwamba una shangazi Geita."

"Basi umesikia leo." Kisha akalainisha sauti. "Wewe pumzika. Kaka yako ameniambia daktari alivyosema. Huna ugonjwa, ni mawazo tu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kaka alikuwa akizungumza na mume wangu habari za mwili wangu, nami nikiwa wa mwisho kujua. Nilimwomba Masudi anipe mpaka mvua za vuli. Akakubali, kwa kuwa lori lake lilikuwa linaondoka, akaenda.

Nilitoka siku iliyofuata na fimbo yangu kwenda dukani kununua uzi. Nikaanguka mlangoni pa duka. Mke wa mwenye duka, Bi Sakina, Mhindi ambaye tangu nikiwa msichana nilimdarizia mito, alitoka mbio. Hakuniinua upesi kama wengine. Alikaa chini kwenye kizingiti pamoja nami, akatazama mguu wangu wa kulia uliokuwa unatetemeka wenyewe.

"Mguu huu nimeuona," akasema. "Dada yangu wa Mwanza anao. Naye jicho lilimtangulia."

Nilimshika mkono. Nilikuwa sijamwambia habari ya jicho.

"Walimwambia ana shetani," akaendelea. "Wakampunga, wakamfukiza ubani mpaka akakohoa damu. Halafu tukasikia kuna daktari mzee kwenye hospitali ya misheni, nje kidogo ya Mwanza. Alikuwako nchi hii zamani za Mdachi, kabla Mwingereza hajaja. Alirudi kwao akasomea mishipa hii ya fahamu, hiyo tu, miaka mingi, kisha akaja tena uzeeni. Nenda ukamwone."

"Nani atanisemea?"

"Husemewi. Kiswahili anakijua kuliko mimi."

Alisema nisiende mikono mitupu. Daktari yule hupenda kuona karatasi za daktari wa kwanza. Nikaenda kwa kaka kumwomba. Alikuwa barazani kwake akisafisha viatu. Nilipomweleza, brashi ikasimama.

"Unataka kuniaibisha? Hospitali yangu haitoshi?"

"Sitaki kukuaibisha, kaka. Nataka kutembea."

"Daktari amekwisha sema. Hizo karatasi ni za serikali, hazitolewi ovyo."

"Basi niambie wewe zimesema nini."

"Nimekwisha kukwambia," akajibu, akaendelea na kiatu kile kile kilichokuwa tayari kinang'aa.

Nilimwamini. Mtu aliyekulea humwamini hata anapokufungia mlango. Unasema labda upepo. Wiki hiyo hiyo akaondoka na daktari kwenye safari ya kupima malale vijijini, safari ya mwezi mzima. Mama mdogo Nyanzala, dada yake marehemu mama yangu, alikuja kutoka kijijini kunitazama. Hajui kusoma, Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini hana woga. Aliposikia habari yote alisema, "Twende hospitali. Karatasi si ng'ombe, haziwezi kutupiga teke."

Karani wa hospitali alikuwa mgeni, kijana wa Kinyamwezi. Alinitazama nilivyoshika meza, akainuka akanipa kiti chake, naye akasimama muda wote anatafuta. Hakuuliza nina ruhusa ya nani. Akanipa bahasha iliyofungwa kwa gundi, juu yake kumeandikwa kwa Kizungu. Niliifunga kwenye ncha ya kanga, na Bi Sakina akatuandalia chapati za njiani.

Gari la moshi lilituchukua asubuhi. Joto la behewa lilinimaliza. Tulipofika Mwanza sikuwa na mguu hata mmoja. Wapagazi wawili wa stesheni walitafuta kiti kwa muuza chai, wakanikalisha wakanibeba mpaka kwenye lori la misheni, huku wakibishana mambo ya mpira kana kwamba wamebeba gunia la mchele. Nilifurahi kubebwa na watu wasiojali. Nyumbani kila aliyenishika mkono alikuwa na neno la kusema.

Tulisubiri siku tatu kwenye varanda ya hospitali ile, juu ya kilima chenye mawe makubwa. Asubuhi tulipewa uji. Jirani yangu wa mkeka alikuwa mama kutoka Ukerewe ambaye mikono yake haikutulia, kwa hiyo mimi nilimlisha uji, naye, kwa kuwa miguu yake ilikuwa mizima, alinisindikiza chooni. Tulicheka kwamba sisi wawili tukishonwa pamoja anapatikana mtu mzima mmoja. Sijacheka vile tena.

Siku ya nne nikaitwa. Daktari alikuwa mzee mwembamba, nywele nyeupe, mgongo umepinda.

"Shikamoo, Bwana Daktari."

"Marahaba, mama. Karibu. Huyu ni nani wako?"

"Ni mama mdogo."

"Vizuri. Bahasha iweke hapo kwanza. Nataka kusikia kwako."

Nikasimulia. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye jicho, kabla sijamaliza, akauliza, "Ukungu huo unazidi ukiwa karibu na moto? Na ukioga maji ya baridi unapungua?"

Mwaka mzima nilikuwa nimebeba neno lile, nimelisema hospitali nikaishia kumwagiwa ndoo, na mtu huyu amelitoa mfukoni mwake kama kitu cha kawaida. Mama mdogo alinipangusa uso kwa kanga yake.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Akanilaza. Akaangaza jicho kwa taa ndogo, muda mrefu. Akanigonga magotini kwa nyundo ya mpira, miguu ikaruka kama ya mbuzi. Kisha akachukua ufunguo, akaukwaruza wayo wangu kutoka kisiginoni kwenda juu. Kidole gumba kikainuka chenyewe, polepole, vingine vikatawanyika. Sikukiamuru. Akarudia mguu wa pili. Kikainuka.

Ndipo akafungua bahasha. Alisoma akiwa amesimama dirishani. Nikaona nyusi zinakutana.

"Mama Zena, mumeo alioa mke wa pili lini?"

"Mume wangu hana mke wa pili, bwana."

Akaitazama tena karatasi. Akanitazama. Nikaona anataka kuyarudisha maneno yake, nayo yamekwisha toka.

"Soma," nikamwambia. "Tafadhali. Kama ilivyo."

Alivuta pumzi, akanigeuzia kwa Kiswahili, neno kwa neno. Karatasi ilisema: *mwanamke kijana wa mjini. Kwa maelezo ya kaka yake, ambaye ndiye mkalimani, ameanza kulalamika macho na miguu tangu mumewe alipooa mke mwingine huko machimboni Geita, arusi ambayo kaka mwenyewe alikuwa shahidi wake. Ana wivu na huzuni. Hakuna dalili nyingine iliyoelezwa. Maradhi ya moyo wa kike, mwili hauna kasoro.* Chini yake, kwa tarehe ya baadaye, habari ya ndoo, na kwamba nilitembea.

Mama mdogo alishika kichwa. "Yaya!" akasema kwa Kisukuma, yaani hapana, "yaya, yaya," akitikisa kichwa kila mara kana kwamba anaweza kuikataa karatasi.

Mimi sikulia. Nilifikiria siku ile Kiingereza kilipokuwa kirefu. Nilifikiria "shangazi" wa Geita, na mwanangu anayetakiwa kupelekwa kwake. Nilimfikiria Masudi, lakini Masudi alikuwa mbali, hata moyoni alikuwa mbali. Aliyenikaa kifuani alikuwa Rajabu. Alikula ubwabwa wa arusi ile, akarudi Shinyanga, akaja kwangu, akaketi kwenye mkeka wangu, akanywa chai yangu, akaniuliza habari za mume wangu!

Daktari alivuta kiti akakaa mbele yangu. Akakishika tena kile kidole gumba.

"Sikiliza, mama. Mtu mwenye wivu anaweza kuanguka. Anaweza kulia, anaweza hata kukosa sauti. Lakini kidole hiki hakijui habari za mke mwenza. Kimeinuka kwa sababu mishipa yako inaumwa. Huu ni ugonjwa, una jina, na si kosa lako."

Akanitajia jina kwa lugha yao. Sikulishika, nilishika kwamba lipo. Aliniambia watu wenye ugonjwa huu katika nchi hii amewaona wachache mno. Aliniambia bila kunificha kwamba hana dawa ya kuuondoa. Kwamba huja na kwenda, kila ukienda huacha kitu na huchukua kitu. Nipike alfajiri kabla ya jua, nipumzike mchana, nijimwagie maji, nisiione haya fimbo. Ile chupa ya kijani niache.

Nilimwomba jambo moja: barua. Moja aiandike kwa Kizungu kwa ajili ya daktari wa Shinyanga, na nakala aniandikie kwa herufi za chuoni ninazoweza kuzisoma mwenyewe, neno kwa neno. Akamwita msaidizi wake, mwalimu mmoja wa Kiislamu, ikaandikwa mbele yangu. Nikaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Ikawa sawa.

Tuliporudi Shinyanga, Masudi tulimkuta nyumbani, lori lake limewahi kurudi. Nilimwuliza mbele ya mama yake, mchana, mlango wazi. Hakukana. Alisema ni haki yake kwa sheria, na ni kweli. Alisema alinificha kwa sababu ya kunihurumia. "Ulimpa habari kaka yangu, ukampa habari mama yako, ukamhurumia mke wako?" nikamwuliza. Mama mkwe akajishughulisha na ushanga. Nikaomba talaka, akanipa upesi kuliko nilivyotazamia, na upesi ule uliniuma kuliko talaka. Zena walitaka kumchukua. Mama mdogo Nyanzala alikwenda kusimama mbele ya wazee wa msikiti na barua yangu mkononi, ameishika juu chini, akawaambia, "Hii inasema mwanangu ana akili timamu na ugonjwa wa kweli. Nani kati yenu anabisha?" Waliisoma. Zena akabaki nami.

Naishi sasa kwenye chumba cha uani kwa Bi Sakina. Nadarizi nikiweza. Kiangazi kilichopita nilipoteza mkono huu kwa miezi miwili, ukarudi. Mguu wa kushoto haukurudi. Nina siku za kutembea hadi kisimani na siku za kuvutwa kwenye mkeka, na nimeacha kuuliza kesho ni siku gani. Kwako unayeumwa nasema hivi: kama kuna mtu anayekusemea, hata awe ametoka tumbo moja nawe, mwambie akurudishie aliyoyasema. Na ukiweza kupata daktari wa pili, nenda, hata kama ni kwa kubebwa kwenye kiti. Mimi sikupona kwa kwenda. Lakini niliporudi nilikuwa najua jambo gani linaniua na nani amenidanganya, navyo ni vitu viwili, na nilikuwa nimevichanganya.

Limebaki la kaka. Aliporudi safarini alikuwa amekwisha sikia. Alikuja, hakukaa mkekani, alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Masudi aliniapisha," akasema. "Na daktari aliponiuliza kama nyumbani kuna matatizo, nikadhani moyo wako umekwisha jua hata kama masikio hayajasikia. Niliona ni kweli, Tatu. Wallahi niliona nakusaidia."

"Na moto? Na maji ya baridi? Na mgongo? Hayo nayo aliyakataza Masudi?"

"Daktari hapendi hadithi ndefu. Nje kulikuwa na watu wengi. Nilifupisha."

"Hukufupisha maneno, kaka. Ulinifupisha mimi."

Akaanza kulia. Nilikuwa sijapata kumwona akilia, hata siku ya maziko ya mama. Nilitaka kumwonea huruma, huruma ikakataa kuja. Nikamwambia, "Kesho nakuja hospitali na barua ya Mwanza. Mkalimani ni wewe tu. Utafasiri."

Kesho yake mama mdogo alinifikisha. Daktari ni yule yule kijana, shingo ile ile. Aliisoma barua ya mwenzake mara mbili, uso ukabadilika rangi. Akasema kitu kwa kaka.

"Anasema anataka kukuuliza upya," kaka akasema.

"Kabla hajaniuliza, mwambie hivi. Mwambie: siku ile niliyokuja, aliyekuwa akifasiri alisema ya kwake, yangu akayaacha. Ndoo ile nilimwagiwa kwa maneno ambayo sikuyasema."

Kaka akanitazama. Alikuwa na kazi, na nyumba inayotokana na kazi hiyo, na jina mjini. Angeweza kusema lolote, ningejuaje? Daktari alikuwa anangoja, kalamu juu ya karatasi.

"Mwambie, kaka."

Alianza kuzungumza, macho sakafuni. Alizungumza polepole, na hakufupisha. Nilijua kwa sababu daktari aliweka kalamu chini, akaacha kunitazama mimi, akamtazama yeye. Akamwuliza swali, mara moja, kwa sauti ndogo. Kaka akajibu kwa neno moja tu, "Yes," ambalo hata sisi tusiosoma shule tunalijua.

Nje mtoto alikuwa akilia benchini. Kisha daktari akachukua karatasi mpya, akanipa ishara ya mkono niseme. Nikaanza, na nilipofika kwenye miguu kaka akainua mkono kunisimamisha.

"Samahani," akaniuliza, "umesema ganzi, au umesema maumivu?"

"Ganzi," nikamjibu. "Mwambie ganzi."